Mgeni Njoo, na Cheti Chako

Wahenga wa pwani walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ukanda wa Diani hadi Msambweni, kauli hiyo imepata tafsiri ya kusikitisha. Mgeni huja na madaftari, mipira na ahadi ya kujenga darasa. Aghalabu huitwa mfadhili hata kabla jina lake halijajulikana. Neno lenyewe lina mtego. Aliyefadhiliwa humwonea haya mfadhili wake, wala hamwulizi alikotoka au kwa nini ataka faragha na watoto.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2006, UNICEF na serikali ya Kenya zilitoa ripoti kuhusu utalii wa ngono pwani, Diani ikiwemo. Ilikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa katika biashara hiyo. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kuwa wateja Wakenya walikuwa wengi kuliko wa taifa lolote jingine. Basi mkosaji asitafutwe ufuoni pekee. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono. Kifungu cha 39 kinamtaka aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la aina hiyo alitaje anapoomba kazi ya kuwatunza watoto au wanyonge wengine. Akinyamaza, ametenda kosa jingine. Nia ni njema. Lakini tazama mzigo ametwikwa nani! Fisi ndiye anayetakiwa aungame kuwa ni fisi kabla ya kukabidhiwa zizi.

Waajiri watasema kuwa wao hudai cheti cha tabia njema. Cheti hicho, kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, hulinganisha alama za vidole na kumbukumbu za humu nchini. Hakijui yaliyotendeka Iowa. Gregory Dow, Mmarekani aliyehukumiwa huko mwaka 1996 kwa shambulio lenye nia ya dhuluma ya kingono, alifungua makao ya watoto Bomet mwaka 2008. Mwaka 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhulumu wasichana wa makao yale.

Isitoshe, cheti hakijui yaliyomalizwa barazani. Wazee wakisuluhisha kesi ya binti kwa mbuzi, fidia au ndoa, mkosaji hubaki safi kama pamba, na kesho aweza kuomba kazi ya kumwogesha mzee asiyejiweza au kumfunza mtoto kiziwi. Tume ya Huduma ya Walimu huwafuta wakosaji katika sajili yake. Sajili hiyo haifiki madrasa wala masomo ya ziada ya jioni. Hapo hapana budi mwajiri apige simu alikotoka mwombaji na kuuliza, bila soni, kwa nini aliondoka.

Wapo watakaodai kuwa kuuliza ni kumvunjia mgeni heshima. La hasha! Kwao huulizwa pia. Uingereza hutoa cheti cha kimataifa cha ulinzi wa watoto kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto ng'ambo. Msimamizi wa makao Diani aweza kukiitisha kabla mgeni hajakata tiketi ya ndege, na hata akishakipokea, asimwache mgeni huyo peke yake bwenini.