Kufuli kubwa, funguo chache: Funzo la Debian kwa wanaovusha mizigo

WAFANYABIASHARA na wasafirishaji wanaovusha mizigo mipakani siku hizi hutuma hati za forodha na malipo kwa kompyuta. Usalama wa hati hizo unategemea jambo ambalo wengi wao hawalioni: namba isiyoweza kubashiriwa na mtu yeyote.

Mawasiliano ya siri yanapoanza, kompyuta hutengeneza ufunguo kutokana na baiti za nasibu. Baiti hizo zikibashirika, urefu wa ufunguo hausaidii kitu. Ni sawa na kontena lililofungwa kwa kufuli kubwa ambalo ufunguo wake unauzwa sokoni.

Jambo hilo limewahi kutokea. Mwaka 2006, watunzaji wa Debian, mfumo endeshi wa bure unaotumika katika seva nyingi duniani, waliondoa mistari michache ndani ya programu ya OpenSSL, kwa sababu chombo cha kukagua makosa kilikuwa kikiitilia shaka. Kumbe mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingiza nasibu. Iliyobaki ni namba ambayo mfumo huipa kila programu inapoanza kufanya kazi, na kwa kawaida wakati huo namba hiyo haikuzidi 32,768. Hivyo, kwa kila muundo wa kompyuta, na kwa kila aina na urefu wa ufunguo, zilipatikana funguo 32,767 tu. Kompyuta ya kawaida huzijaribu zote kwa muda mfupi.

Kasoro hiyo iligunduliwa na Luciano Bello na kutangazwa Mei 13, 2008. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, programu zilifanya kazi kama kawaida na hakuna kilichoonyesha hatari.

Kubwa zaidi, kurekebisha programu hakukutosha. Funguo zilizokwisha kutengenezwa zilibaki dhaifu, ikabidi zitupwe na kutengenezwa upya, pamoja na zile zilizohamishiwa kwenye kompyuta nyingine.

Tangu 2014, Linux toleo la 3.17 na yaliyofuata yana huduma ya getrandom, ambayo kwa kawaida huisubirisha programu mpaka nasibu ya kutosha ipatikane. Mtengenezaji makini hutumia huduma hiyo, habuni njia yake mwenyewe.

Kwa mwenye malori au wakala wa forodha, maswali ya kumuuliza anayemuuzia mfumo ni mawili: namba za nasibu zinatoka wapi, na kasoro ikigundulika, nani atabadilisha funguo zote na kwa muda gani? Mzigo ukishatoka bandarini kwa hati ya kughushi, programu mpya haiurudishi.