Marekani na China zawania ufunguo wa siri za dunia

AGOSTI 2016, China ilirusha angani setilaiti iliyoipa jina la mwanafalsafa wake wa kale, Micius. Mwaka uliofuata, wanasayansi wa Beijing na Vienna walizungumza kwa video, mazungumzo yao yakilindwa na namba za siri zilizotumwa kupitia setilaiti hiyo. Hiyo ndiyo teknolojia ya kwantamu, inayotumia tabia za ajabu za chembe ndogo kabisa za maada na mwanga.

Washington haikulichukulia jambo hilo kuwa la maabara tu. Desemba 2018, Rais Donald Trump alitia saini sheria iliyoidhinisha takriban dola bilioni 1.2 kwa utafiti wa miaka mitano. Mwaka 2019, Google ilidai kuwa kompyuta yake ya kwantamu imemaliza kwa sekunde 200 hesabu ambayo ingezichukua kompyuta kubwa za kawaida miaka 10,000, dai ambalo IBM ililipinga. Desemba 2020, wanasayansi wa mji wa Hefei, China, wakajibu kwa mashine yao.

Chanzo cha hofu ni ugunduzi wa mwaka 1994. Mmarekani Peter Shor alionyesha kuwa kompyuta ya kwantamu yenye nguvu ya kutosha ingeweza kufumbua hesabu zinazolinda miamala ya benki, barua za balozi na amri za kijeshi. Mashine yenye uwezo huo haijatangazwa popote.

Hata hivyo, hatari yenyewe haisubiri. Jasusi anaweza kunasa leo ujumbe asioweza kuusoma, akauhifadhi hadi siku atakapopata ufunguo. Akiba haiozi. Siri inayopaswa kudumu miaka 30 huenda imekwisha kuibwa, na mwenyewe hajui.

Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kufuli mpya za kihesabu, huku serikali ikilenga kukamilisha mabadiliko ifikapo 2035. Wakati huo huo, Washington imejenga uzio: Agosti 2023 Rais Joe Biden aliagiza kudhibitiwa kwa uwekezaji wa Wamarekani katika sekta hiyo nchini China.

Uzio huo una gharama. Pan Jianwei, kiongozi wa mradi wa Micius, alisomea Vienna chini ya Anton Zeilinger, mshindi wa Nobel wa mwaka 2022. Elimu hii ilikua kwa kuvuka mipaka.

Kwa mataifa yasiyounda mashine hizo, yakiwamo ya Afrika, mifumo ya benki na wizara hununuliwa kwa kiasi kikubwa kutoka nje. Hayawezi kuamua mshindi wa mbio hizi, lakini yanaweza kumuuliza muuzaji, kabla ya kutia saini mkataba, kufuli zake zitabadilishwa lini.