Tuendapo Kericho Tusitazame Majani Peke Yake

Siku hizi imekuwa ada kwa watu wetu wa pwani, hasa wale wenye jamaa zao bara, kutenga siku moja ya likizo na kwenda kuutembelea mji wa Kericho kwa gari. Huondoka Nakuru au Kisumu asubuhi, wakafika kabla ya mvua ya alasiri, wakapiga picha katikati ya chai, wakanunua paketi mbili tatu za majani, kisha wakarudi kabla ya usiku kuingia. Ukiwauliza walikwenda kuona nini, wengi watakujibu kwamba walikwenda kuona mji wa Kizungu.

Sina ugomvi na matembezi. Dini yetu imetuhimiza kusafiri katika ardhi na kuzingatia mambo ya waliotutangulia. Lakini kuzingatia si kupiga picha, na neno hilo "mji wa Kizungu" ndilo linalonifanya niandike leo.

Mimi pia nimeifanya safari hiyo. Tulitoka Nakuru baada ya sala ya alfajiri, watu watano katika gari moja, tukapita Mau Summit na kushuka mpaka Kericho. Uzuri wa nchi ile si wa kusimuliwa. Mji umekaa kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni baridi, na chai imetandazwa juu ya vilima kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Ipo Hoteli ya Chai, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mameneja na wageni wake. Lipo kanisa la mawe ambalo ungelidhani limeng'olewa Uingereza likapandwa pale. Lipo hekalu kubwa la Makalasinga, na tulipotafuta mahali pa kusali, msikiti tuliuona mjini bila taabu. Tukasali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, kama ilivyo ruhusa ya msafiri.

Yote hayo ni ya kuangaliwa. Lakini katika kuzunguka kwangu siku ile sikuona kibao hata kimoja kinachomwambia mgeni ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya chai.

Ilikuwa ya Wakipsigis. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilikata kiasi cha ekari 25,000 na kuwapa maafisa wa jeshi wa Kiingereza waliopata vilema vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 ndipo makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yalipoingia na kupanda mashamba tunayoyapigia picha hivi leo. Mwenyewe wa ardhi akawa kibarua juu yake, au akasukumwa pembeni. Wala hakuruhusiwa kupanda mche wa chai katika shamba lake mwenyewe mpaka miaka ya 1950.

Ukoo wa Talai, ambao ndio uliotoa viongozi wa dini na wa shauri katika kabila hilo, uliadhibiwa zaidi. Koitalel arap Samoei aliuawa na Waingereza kule Nandi mwaka 1905. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa kiongozi wa Wakipsigis, alihamishwa kwa nguvu mwaka 1914. Halafu mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuung'oa ukoo mzima. Mamia ya watu, wake kwa watoto, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye joto, mbu na ndorobo. Wakakaa huko mpaka uhuru ulipokaribia.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuambiwa mara mbili maana ya mambo haya. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alikamatwa huku kwetu na kupelekwa uhamishoni Kisii, nchi iliyopakana na hiyo ya chai. Wao waliondolewa kwao, na wa kwetu akapelekwa jirani yao; mkono uliofanya hivyo ulikuwa mmoja. Tena sheria ya ardhi ya mwaka 1908, iliyotaka kila mtu wa mwambao apeleke madai yake ofisini, la sivyo ardhi iwe ya Mfalme wa Uingereza, imeacha maskwota wasio na hati mpaka leo. Sisi ndio wa kwanza kunung'unika mtalii anapoizunguka Ngome ya Yesu akasimuliwa Wareno tu, kana kwamba Mombasa haikuwa na watu wake. Basi iweje tukifika kwa wenzetu tufanye yale yale?

Atatokea wa kusema: mimi nimekwenda kupumzika na watoto wangu, habari za ardhi za Wakipsigis zanihusu nini? Zakuhusu, ndugu yangu, tena kila asubuhi. Hakuna nyumba ya Kiislamu kuanzia Lamu hadi Vanga isiyoteleka chai, iwe ya maziwa kwa tangawizi na iliki, iwe ya rangi. Na mnada wa chai, ulioanzia Nairobi mwaka 1956, ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na upo mpaka leo. Chai ya Kenya na ya nchi jirani huteremka mpaka kwetu, hukaa katika maghala yetu, ikanunuliwa kwa ajili ya Pakistani, Misri na Uingereza, kisha ikapakiwa melini. Wapo vijana wa Mombasa wanaokula kwa kuonja chai, kuipanga na kuibeba. Njia moja inatuunganisha na mchumaji wa Kericho, yeye yuko mwanzo wake na sisi mwisho wake.

Mambo yale hayajawa ya kale, yako mbioni. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitamka kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa. Mwaka 2022 walalamikaji walipeleka kesi yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2023 vijana waliokosa kazi walizichoma moto mashine za kuchumia chai, kwa kuwa mashine moja huchukua riziki ya watu wengi. Na katika mwaka huo na uliofuata, mashamba ya yale makampuni mawili yalitangazwa kuuzwa kwa kampuni ya Sri Lanka. Wenye karatasi wanabadilika. Wenye ardhi wangali wanangoja.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kwanza, mwenye kwenda Kericho asiishie mjini. Apite Litein na Kapkatet mpaka Bomet. Huko mashamba makubwa hukatika, zikaanza bustani ndogo za wenyeji: chai kidogo, mahindi, ng'ombe wawili watatu, na akina mama wenye vikapu mgongoni wakingoja majani yao yapimwe kituoni. Wakulima wadogo kama hao, chini ya shirika la KTDA lililoundwa mwaka 1964, ndio watoao zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Akaribishwe mursik katika kibuyu, aulize, asikilize wazee.

Pili, serikali za kaunti za Kericho na Bomet ziweke vibao, na jengo moja la zamani lifanywe nyumba ya historia. Hili si jambo geni. Ngome ya Yesu ilikuwa jela ya Waingereza zaidi ya miaka 60, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ikiwa jela imeweza kusimulia, hoteli ya mameneja au nyumba ya karani wa shamba haitashindwa.

Tatu, sisi wazazi tuwaambie watoto ukweli tukiwa njiani. Mtoto akiuliza nani aliyepanda chai yote hii, tusimwambie "Wazungu" tukanyamaza. Tumwambie Wazungu waliitia amri na faida, lakini jembe lilishikwa na Mkipsigis, Mjaluo na Mkisii, juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe. Hivyo ndivyo tupendavyo mgeni awaambie watoto wake akiisimamia Mji wa Kale, na ambalo twalipenda kwa nafsi zetu yatupasa tulipende kwa jirani.