Mzani wa nani unapima hewa yetu?

Jamani, hebu tuulizane. Muuza nyanya wa Kariakoo atakubali mteja aje na mzani wake? Mbona sisi tunakubali kwenye hewa ukaa?

Huko Marekani, mnara wa Harvard Forest ulianza kupima pumzi ya msitu miaka ya mwanzo ya 1990. Vyombo vyake husoma upepo na gesi mara kadhaa kila sekunde, ijulikane msitu umevuta kaboni kiasi gani na umetoa kiasi gani. Msitu wa Bonde la Kongo, wa pili kwa ukubwa kati ya misitu ya mvua duniani, ulipata mnara wa namna hiyo mwaka 2020 tu, pale Yangambi!

Wakubwa wetu hawakosi mikutano ya kudai fedha za misitu. Wanadai kwa takwimu za nani? Punguzeni posho za warsha, jengeni minara, someshani mafundi. Asiyepima mali yake huuza kwa bei ya mnunuzi.

Au nimekosea?