Kelele si Nguvu
Waendesha bodaboda wanaokata sailensa na kung'oa chujio la hewa ili pikipiki ingurume na kukimbia wanaiua injini inayowalisha, na fundi anayewafanyia kazi hiyo bila kugusa kabureta anashiriki kosa hilo. Gramu 1 ya petroli huungua sawasawa ikipata takriban gramu 14.7 za hewa. Ukifungua njia ya hewa na ya moshi, hewa huzidi, na jeti ya kiwandani, ambayo tundu lake la kupitishia petroli kwenye kabureta lilipimwa kwa ekzosi ya kiwandani, haitoshelezi tena. Joto hupanda, na pistoni inaweza hata kutoboka. Vumbi nalo, likikosa chujio, husaga ringi na silinda. Anayetaka kubadilisha na afuate utaratibu: jeti ndogo kwa injini inayowaka pikipiki ikiwa imesimama, sindano kwa mwendo wa kati, jeti kuu kwa mwendo wa kuvuta mafuta hadi mwisho. Kisha aikague plagi: ikiwa nyeupe, mafuta yamepungua; ikiwa na masizi meusi, yamezidi; kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa. Wala kipimo cha Mombasa hakifai Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na jeti ileile humwaga mafuta kupita kiasi. Basi mwenye pikipiki, usimlipe fundi kwa sababu ya mngurumo. Mlipe akishakuonyesha plagi yenye rangi sahihi na chujio likiwa mahali pake.