Kabla ya Fimbo Kuna Miaka Mitatu

KATIKA nyumba zetu nyingi, mtoto akikosea, dalili inayowahi kutajwa ni ile Hadithi iliyopokewa na Abu Daud juu ya mtoto na Swala. Kwa bahati mbaya wengi wetu hushika nusu yake ya pili tu, inayozungumzia kupigwa kwa mtoto aliyefikia miaka kumi na hali haswali. Nusu ya kwanza inamtaka mzazi aanze kumwamrisha akiwa na miaka saba. Baina ya saba na kumi ipo miaka mitatu, na kila siku ina Swala tano. Hesabu hiyo inapita mara elfu tano za kuamrisha, kuelekeza na kusimama naye safu moja, na fimbo bado haijatajwa. Ni mzazi gani miongoni mwetu aliyezitimiza?

Hata baada ya hapo wanachuoni waliweka mipaka. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyeandika juu ya adabu za walimu katika karne ya tisa Miladia, alikomesha mapigo kwenye matatu, tena yasiguse kichwa wala uso. Imamu Ghazali, katika Ihya, ametaka kosa la kwanza ambalo mtoto mwenyewe analionea haya lifumbiwe macho, na akirudia aonywe faraghani, kwani lawama za kila saa huyaondolea maneno uzito. Naye Ibn Khaldun alionya kwamba anayelelewa kwa ukali hujifunza uongo na hila ili kujinusuru. Mtoto wa namna hiyo tunamsifu kuwa ametulia, kumbe ameshakuwa hodari wa kuficha.

Mambo haya si ya vitabuni pekee. Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za wizi wa pochi. Kenya iliondoa viboko mashuleni mwaka 2001. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na adhabu iandikwe kitabuni. Kanuni hizo huvunjwa, hilo twalijua. Lakini angalau zipo. Je, madrasa zetu ngapi zina daftari la adhabu? Ni nani anayemuuliza ustadhi amempiga nani, kwa kosa gani, na alikuwa ameghadhibika au la?

Tunaziomba kamati za misikiti zianze na daftari hilo. Gharama yake ni ndogo mno. Na mzazi anayemfikisha mtoto chuoni kwa kauli ya "mpige tu, ustadhi, huyu hasikii", ustadhi amkaribishe akae kwanza, amuulize huko nyumbani mtoto huyu amezoea kuambiwa vipi.