Pishi ya Baba na Kawa la Mama

BARAZANI
Na Kombo Hamad Faki

Aghalabu watu hupima malezi ya mtoto kwa namna anavyoamkia wakubwa, anavyokaa mkekani na anavyonyoosha mkono penye sinia mbele ya wageni. Nami siwalaumu, kwani staha ni pambo la watu wa pwani na asiyekuwa nayo hana murua. Lakini kwa kadiri umri unavyonisogeza mbele, na wazee wangu wote wawili wakiwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki, nazidi kusadiki kwamba malezi hayajulikani siku ya neema. Hujulikana siku ya fitina, pale jirani anapofanywa hasimu na kila mtu akaruhusiwa na wenzake kumdhulumu bila ya kuona haya. Kwa kipimo hicho nataka leo niwataje kwa shukrani baba na mama yangu, wakulima wa karafuu wa Mtambwe, Pemba, ambao hawakuacha shamba kubwa wala majina makubwa.

Kisiwa chetu kimelelewa na karafuu tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imetoka huku. Mtoto wa shamba, basi, alianza kuijua dunia katika msimu wa mavuno. Baada ya alasiri wachumaji walikusanyika uwanjani kwetu na mapakacha yao, karafuu mbichi zikachambuliwa na makonyo kuwekwa kando, kisha wakapimiwa, kwa sababu ujira wao ulihesabiwa kwa pishi. Hapo palikuwa na njia nyepesi ya dhuluma, na wako waliokuwa wakiipita: mwenye shamba akiiacha pishi ifanye kilele, mchumaji hutoa zaidi kwa ujira ule ule, na mtu aliyeshinda juu ya ngazi tangu alfajiri hana nguvu za kugombana magharibi.

Baba hakukubali kilele. Aliipangusa pishi kwa kiganja mpaka karafuu zikawa sawa na mdomo wake, na zilizomwagika alizirudisha katika pakacha la mwenyewe; nami nilipopata umri wa kuishika akanikabidhi, akasimama nyuma yangu, akaniambia, "Mwanangu, kile kilele ni jasho la mtu." Tena alipokuwa akilipa mchele aliokopa kwa jirani, pishi ile ile aliijaza mpaka punje zikaanguka chini, wala hazikuokotwa. Asubuhi chuoni tulikuwa tukihifadhi juzuu ya Amma, na ndani yake imo Suratul Mutaffifin, inayowaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Maalimu alinisahihisha matamshi yake. Maana yake nilisomeshwa na baba jioni, uwanjani, mikono yangu ikinuka karafuu.

Mama alikuwa na chuo chake, nacho kilikuwa jikoni. Ikaja miaka ya mwanzo ya 1970, ambayo watu wa rika langu huikumbuka kwa uhaba wa chakula, wakati mchele, unga na sukari vilipokuwa vya mgao na watu wakipanga foleni, na muhogo ukawa ndio mlo wa mchana na wa usiku. Mama alipoepua muhogo wake wa nazi, kabla hajampakulia baba wala sisi, alitenga sahani moja, akaifunika kwa kawa la ukindu, akanituma kwa bibi mmoja mjane aliyekaa ng'ambo ya bonde letu. Amri zake hazikubadilika: nipite njia ya nyuma, nimpe mkononi, nisingoje shukrani, na nikiulizwa njiani nimebeba nini, nijibu kuwa nimetumwa na mama. Nilikuwa na njaa, na harufu ya tui ilinifuata njia nzima. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba ile sahani haikuwa sadaka ya makombo. Ilitengwa kwanza, na sisi wana tukala kilichobaki.

Watu wetu wana ada tukufu ya kuwausia watoto. Luqman alimuusia mwanawe, na wasia wake umetajwa katika Kurani. Mwana Kupona binti Msham, alipokuwa katika maradhi mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi ambao mpaka leo unasomwa katika mwambao wote. Wazazi wangu hawakuwa watunzi, na hawakutuachia hata karatasi moja. Wasia wao waliutia mikononi mwetu, tukaubeba tungali wadogo, kabla hatujaweza kuubishia.

Thamani ya wasia huo niliijua kisiwa kilipogawanyika. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, na zaidi baada ya ule wa mwaka 2000 na damu iliyomwagika hapa Pemba Januari 2001, uhasama wa vyama uliingia mpaka vyumbani mwetu: watu wakasusiana madukani, wakasusiana harusini, na pengine wakasusiana hata katika maziko, jambo ambalo babu zetu wasingaliliamini. Katika siku hizo alifariki jirani yetu mmoja wa chama kisichokuwa chetu, na vijana wakapitisha neno kwamba asiende mtu. Baba, ambaye wakati huo alikuwa akitembea kwa mkongojo, aliagiza kanzu yake, akatoka. Walipomkabili njiani aliwaambia, "Huyu alimzika mama yangu. Leo nisimzike yeye kwa ajili ya kura?" Akapita. Nasi wanawe, ambao baadhi yetu tulikuwa na ghadhabu zetu, tulimfuata, kwa kuwa miguu yetu ilikuwa imeizoea njia hiyo tangu tulipokuwa tukibeba sahani.

Maridhiano ya wakubwa wa vyama ya Novemba 2009, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, yalileta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambamo wana wawili wa Pemba, Dk. Ali Mohamed Shein wa Chokocho, Rais, na Maalim Seif Sharif Hamad wa Mtambwe, Makamu wa Kwanza wa Rais, waliketi pamoja baada ya kushindana. Wakubwa wanastahiki shukrani kwa hayo; lakini nasema kwa yakini kwamba mapatano yao yalipata pa kushika kwa sababu vijijini zilibaki nyumba ambazo hazikukata salamu, na nyumba hizo zilijengwa na wazazi wa namna hii. Na mfarakano uliporudi, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kufanywa mwingine Machi 2016, ni nyumba hizo hizo zilizoendelea kuzikana na kulishana.

Sidai kwamba kila la kale lilikuwa jema. Bakora ya zamani ilizidi kipimo, na watoto wa kike wengi walizuiliwa elimu waliyostahiki. Mambo hayo tumeyaacha, na tumefanya vyema. Ninalolihofia ni kwamba tumemwondolea mtoto pia dhima aliyokuwa nayo kwa watu wasiokuwa wa nyumbani kwake. Tunamlipia masomo ya ziada, tunamnunulia simu, tunamtakia daraja la kwanza katika mitihani, na hayo yote ni haki yake. Lakini anafika umri wa kupiga kura hajapata kumpelekea jirani chakula, wala kumpimia mtu haki yake kwa mkono wake mwenyewe. Siku atakapoambiwa kwamba jirani yule si mwenzake, atakuwa na sababu gani ya kukataa?

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu, msimu wa karafuu ujapo, muwakabidhi watoto wenu pishi mbele ya wachumaji, na muwatume kwa majirani, hasa wale msiokubaliana nao, kabla uchaguzi mwingine haujaja kutujaribu. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotulea kwa insafu, na atujaalie wana watakaozikana bila ya kuulizana vyama.